Dakika Tano Chini ya Pikapu

4 Machi

Shemeji Spana,

Natumaini barua hii itakukuta umelalia upande usiouma. Sisi huku wazima. Tumbo la dada yako limekuwa kubwa mpaka anaegesha sahani juu yake wakati wa kula, na ukicheka unarushiwa kijiko. Anakusalimu sana. Anasema umsikilize Mama, usijifanye unajua kuliko daktari.

Imebidi tuandikiane kama watu wa zamani. Simu yako ilikuwa mfukoni mwa ovaroli siku ile, na ulichorudishiwa ni vipande. Hata ungekuwa na nyingine, naambiwa hapo kwenu mtandao unashika juu ya kilima tu, na wewe na kilima kwa sasa hamwelewani. Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayepita kwenu kila wiki. Nijibu kupitia yeye.

Yadini mambo ni yale yale. Magari mabovu yanaingia, yanatoka vipande vipande. Sanduku lako la vifaa nimelifungia kwenye kabati langu, maana unawajua watu wetu: ukisahau kitu saa nne, saa sita kinauzwa kama spea. Bado wananiita Rubani, na bado napaa kwa foklifti yangu ya kunyanyulia magari, mita tatu tu, sijafika mbali. Foklifti yenyewe imetengenezwa. Tajiri anakupa pole.

Jambo moja kabla sijasahau. Kuna mkaguzi wa usalama kazini anayeandika ripoti ya ajali. Alishazungumza na Tajiri, na mimi pia. Huenda akafika kwenu. Akija usijichoshe, shem. Mwambie hukumbuki vizuri. Si daktari mwenyewe alisema ulipoteza fahamu? Basi hutakuwa umedanganya.

Pona haraka. Giaboksi hazijifungui zenyewe.

Shemeji yako,
Rubani


12 Machi

Shem,

Barua yako nimeipata, ina vumbi la saruji mpaka Mama amepiga chafya mara mbili kabla sijaifungua. Ahsante kwa sanduku. Ile spana namba kumi na saba usimwazime mtu, hata akilia.

Mimi naendelea. Mguu haunisumbui tena kama mwanzo. Daktari amesema kilichobaki ni uvumilivu. Kuna kidole gumba cha mguu huo kinawasha, na siwezi kukikuna, ndiyo kero kubwa niliyonayo. Mwambie dada yangu hivyo hivyo: kero ni kidole. Asije akapanda basi na tumbo hilo kuja kunitazama. Namjua. Mkatalie kwa niaba yangu, na akikasirika mtupie lawama Mama.

Hapa nalala chumba cha mbele, kitanda kiko dirishani. Kutwa naona watu wanavyotembea. Ulishawahi kumwangalia mtu akitembea tu? Ni kazi kubwa, shem. Mtu anatupa mguu mbele bila kuuambia.

Umeniambia niseme sikumbuki. Ukweli ni kwamba nakumbuka mengi kuliko mnavyodhani. Nakumbuka ile pikapu ya bluu, ulivyoinyanyua kwa foklifti, nami nikaja na godoro langu la maboksi nikaingia chini kufungua giaboksi. Nakumbuka stendi za chuma za kushikilia gari lisishuke zilikuwa pale ukutani, hatua sita, sita tu, na mimi nikasema stendi za nini, ni dakika tano. Hilo ni langu, silitupi kwa mtu. Nimelirudia kichwani mpaka limechakaa.

Lakini kuna kitu kingine. Kabla gari halijashuka nilisikia sauti kama mtu ametema mate kwa nguvu. Kisha mafuta ya moto yakanipiga shingoni. Hayakutoka kwenye pikapu, ile tulishaimwaga mafuta yote asubuhi. Yalitoka kwenye foklifti. Ni ule mpira mkubwa wa mafuta, au? Ule unaobeba uzito wote?

Mlikuwa mnajua una tatizo?

Niambie tu, nimalize kuwaza.

Spana


20 Machi

Shemeji,

Ndiyo, ni ule mpira. Ulipasuka ghafla. Hakuna aliyejua. Vitu vya mpira ndivyo vilivyo, leo vizima, kesho vimekufa, wewe mwenyewe umeshaona matairi.

Usijitese kwa mawazo. Wala habari ya stendi usiirudierudie, imeshapita. Pumzika.

Tumepata wiki ngumu. Yamekuja mabasi matatu yaliyogongana, na fundi mliyekuwa mnagawana kazi anaumwa mgongo. Tajiri ameleta fundi mpya, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mpole, anaimba akiwa kazini. Hakufikii wewe kwa mkono, lakini anajifunza yadi.

Dada yako hajambo. Nimemzuia kusafiri. Amenuna siku mbili.

Naandika kwa haraka, lori linapiga honi.

Rubani


2 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Leo nakuandikia mimi mwenyewe, na mume wangu hajui. Dereva wa saruji nimemwomba asimwambie. Kanikodolea macho kama nimemwomba twende wote Ulaya, lakini kakubali.

Kwanza, nasikia kero yako ni kidole. Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa kubwa zaidi, kwa sababu Mama kila nikimtumia salamu ananijibu neno moja, “Tunavumilia,” na unajua Mama akisema kidogo ana mengi.

Kaka, nyumba hii si ile unayoijua. Mume wangu amepandishwa kuwa msimamizi wa yadi. Amekuambia? Ni wiki moja tu baada ya ajali. Nilidhani atafurahi. Anarudi, anavua viatu mlangoni, anakaa na kuviangalia. Nikimsemesha anashtuka. Chakula anakizungusha kwenye sahani. Nikasema labda ni hofu ya mtoto.

Juzi nilikuwa nafua shati lake la kazi. Mfuko wa kifua ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni nakala ya maelezo aliyompa mkaguzi. Nainakili hapa kama ilivyo, sijaongeza wala kupunguza:

“Nilimwambia fundi asiingie chini ya gari mpaka stendi ziwekwe. Alikaidi akaingia. Mashine ilikuwa nzima na sikuwa na habari ya hitilafu yoyote.”

Chini yake sahihi yake. Naijua ile sahihi, ndiyo iliyoko kwenye cheti changu cha ndoa.

Kama alikuambia usiingie nawe ukakaidi, hilo utalijua wewe na yeye, na ukaidi wako siwezi kuukana, nimekua nao. Lakini hayo ya mashine ni uongo, Kaka, na mimi ni shahidi. Mwezi wa kwanza, kabla hujaumia, alikuja nyumbani mikono ya shati imelowa mafuta. Akaniambia, “Ule mpira unatoka jasho. Nimemwambia Tajiri, anasema tumalize mwezi. Siku moja utaua mtu.” Hayo ni maneno yake, akiwa amesimama jikoni, ndoo mkononi.

Na mimi unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, “Usigombane na Tajiri sasa. Subiri nijifungue kwanza.”

Basi akasubiri.

Sijui nifanye nini. Nikimwuliza, ataniuliza mimi nilisema nini. Niandikie wewe, hata kwa kunitukana.

Dada yako mdogo


10 Aprili

Dada,

Sikutukani. Ulikuwa unalinda kilicho tumboni, na wala hukuwa kwenye kile kiti cha foklifti. Kula, lala, fanya mazoezi waliyokuambia kliniki. Ile karatasi irudishe mfukoni kama ulivyoikuta, hata kama imeloa.

Usimwulize kitu. Nataka aseme mwenyewe. Akisema kwa kubanwa na wewe, mimi nitakuwa nimemsikia mtu aliyebanwa tu, sitakuwa nimemsikia Rubani.

Kuhusu mguu, naendelea.

Kaka yako


10 Aprili

Rubani,

Niandikie siku ile ilivyokuwa, tangu tulipofungua geti mpaka mliponipakia kwenye gari. Usiruke kitu. Mimi nilikuwa chini, wewe ulikuwa juu, ulikuwa unaona zaidi.

Sina haraka. Chukua wiki mbili ukitaka.

Spana


25 Aprili

Shemeji,

Wiki mbili nimezichukua zote. Barua yako nimetembea nayo kwenye soksi kwa sababu mfuko wa shati ulikuwa na karatasi nyingine. Leo ndiyo naweza kukujibu, na utaona kwa nini.

Tulifungua geti saa moja na nusu. Ulikuwa unalalamika kwamba chai ya kwangu ina sukari ya kutosha kujenga ukuta. Nikawasha foklifti. Chini yake, pale ilipokuwa imeegeshwa, palikuwa na mafuta yaliyotanda upana wa sahani. Nikayafunika kwa mchanga. Nilikuwa nayafunika kwa mchanga kila asubuhi tangu mwezi wa kwanza, shem. Nilishamwambia Tajiri mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama nimechoka kazi. Sikumwambia mara ya tatu.

Saa nne tukaileta pikapu. Nikainyanyua. Wewe ukasema stendi za nini, dakika tano. Ni kweli ulisema. Lakini kwa mkaguzi nimesema kwamba nilikukataza. Sikukukataza. Sikusema usiingie. Nilichosema ni “Fanya haraka.” Kisha ukasikia ulichosikia.

Kwa hiyo yale niliyotia sahihi ni uongo, sehemu mbili: sikukukataza, na mashine nilijua ni mbovu. Tajiri aliniletea karatasi ikiwa imeshapigwa chapa. Akasema mgonjwa atatunzwa vyovyote vile, hakuna atakayeumia zaidi kwa mstari mmoja. Nikamfikiria dada yako na mtoto. Nikaona kama nasaini kwa ajili yao. Wiki iliyofuata akanipa usimamizi, na hapo nikaelewa nimesaini kwa ajili ya nini.

Nimekudanganya pia wewe kwenye barua ya mwezi wa tatu. Niliposema hakuna aliyejua.

Sasa nikuambie ya juzi. Mpira mpya haukununuliwa kamwe. Walikata pale ulipopasuka, wakaunga kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Hayo ndiyo niliyoyaita “imetengenezwa.” Juzi imeletwa pikapu nyingine, nyeupe. Nikainyanyua. Fundi mpya akatandika maboksi yake, akaanza kujisogeza chini, anaimba. Stendi ziko palepale ukutani. Nikamwita, “Fundi, leta stendi.” Tajiri alikuwa mlangoni mwa ofisi. Akasema, “Msimamizi, gari sita zinasubiri. Mwache afanye kazi.” Fundi akaniangalia mimi, akamwangalia Tajiri, akaingia kichwa na mabega.

Nilitazama zile klipu mbili. Zilikuwa zinalia mafuta.

Nilishuka kwenye kiti, nikamshika miguu yote miwili, nikamvuta nje kama gunia. Alifikiri nimepata kichaa. Alipokuwa nje kabisa, nikapanda, nikaishusha pikapu polepole mpaka chini, nikazima mashine, nikachomoa ufunguo nikautia mfukoni. Tajiri akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia, “Kwa mkaguzi.” Akasema nikitoka geti lile nisirudi. Nikatoka.

Nilitembea na ovaroli ile ile mpaka ofisini kwake. Akanikaribisha kiti, nikakataa, ningekichafua. Nikaweka ufunguo juu ya meza yake, nikasema, “Maelezo yangu ya kwanza ni uongo. Naomba karatasi nyingine.” Nimeandika kurasa tatu. Nimeandika na yako ya stendi, nisingeweza kuiacha, ningekuwa naanza uongo mwingine. Akanionya kwamba mimi pia naweza kushtakiwa. Nikamwambia najua.

Jioni nikamweleza dada yako. Akasema alishaiona karatasi. Kisha akaniambia na lake. Tumelia kama watoto, shem, mwishowe tukachoka kulia, akaniomba nimfungulie dirisha.

Mkaguzi atakuja kwenu wiki ijayo. Futa kile nilichokuambia cha kutokukumbuka. Sema yote. Usinitetee.

Siombi kitu.

Rubani


3 Mei

Rubani,

Mkaguzi alifika jana. Ni mama mmoja mfupi, anaandika kwa mkono wa kushoto, hana maneno mengi. Nimemweleza yote: stendi, sauti ile, mafuta ya moto, na “fanya haraka.” Sijakutetea. Sijakuzidishia pia. Amesema mashine imefungiwa kwa lakiri na shauri litasikilizwa mwezi wa saba. Mimi nitakuja kutoa ushahidi, wewe utakuwepo, Tajiri atakuwepo. Ndivyo itakavyokuwa.

Sasa na mimi nina langu. Umesema ukweli, siwezi kuendelea kukaa juu ya uongo wangu kama kuku.

Mguu wa kulia haupo. Waliukata chini kidogo ya goti siku ya tisa, kabla sijaletwa kwa Mama. Mfupa ulikuwa umesagika, na kidonda kikaoza. Ndiyo maana hawakuwaruhusu kuniona wiki ile, nilimwomba daktari hivyo. Kile kidole gumba nilichokuambia kinawasha, hakipo, lakini kinawasha kweli, hilo sikudanganya. Daktari anasema hutokea. Mtu anawashwa mahali pasipokuwepo.

Sikuwaambia kwa ajili ya mimba ya dada. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilikuwa naona haya. Niliyesema stendi za nini ni mimi. Nilidhani mkijua, mtasema yamemkuta aliyoyataka.

Niliposoma barua ya dada yangu ya mwezi wa nne, nilikuchukia mpaka nikashindwa kula. Nataka ulijue hilo. Mama aliondoa sahani bila kuuliza. Nilikuwa nalala hapa kitandani nikikupangia maneno, na maneno yote yalikuwa mabaya.

Dada asijue kuhusu mguu mpaka ajifungue. Akishajifungua salama, mwambie wewe, uso kwa uso. Usimwandikie, usimtume mtu. Hiyo ndiyo adhabu ninayokupa mimi. Ya serikali wataamua wao.

Kisha uje hapa. Kuna kitu nataka kukuuliza na sitaki kukiandika.

Spana


29 Mei

Dada yangu, mama wa binti,

Nimefurahi mpaka nimetingisha kitanda. Kilo tatu na nusu! Huyo hakuja kucheza. Mama amepita nyumba kwa nyumba kutangaza, amesahau kabisa kwamba magoti yake yanauma.

Uliyoniandikia kuhusu mguu nimeyasoma. Umenitukana vizuri, hukuacha kitu, na nastahili. Ungekuwa wewe ndiye umenificha, ningekutukana zaidi. Usilie tena, maziwa yatakauka. Hayo ni maneno ya Mama, si yangu.

Mumeo alifika Jumanne. Najua akirudi hatakueleza vizuri, kwa hiyo nakueleza mimi.

Aliteremka kwenye lori la saruji saa tano asubuhi, mweupe kama aliyeviringishwa kwenye unga. Mama alikuwa anaanika nguo. Aliitikia salamu yake, akamwekea kiti uani, akaingia ndani akafunga mlango. Unajua Mama hafungi mlango mchana.

Mimi nikatoka kwa magongo. Alinitazama usoni tu. Macho yake hayakushuka hata kidogo, yaligoma. Nikamwambia, “Angalia, shem. Hauumi ukiangaliwa.” Akaangalia. Akaikalia mikono yake.

Hatukusalimiana tena. Nikamwuliza lile nililomwitia. Nikamwambia, “Kunihimiza umezoea, miaka yote unanihimiza. Lakini siku ile uliniambia fanya haraka mara tatu. Barua yako inasema kama ni mara moja. Mimi nilikuwa nahesabu, nilikuwa chini sina kazi ya kichwa. Mara tatu. Kwa nini?”

Mama akakohoa ndani.

“Kwa sababu nilikuwa nautazama mpira,” akasema. “Ulikuwa umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nilijua hautashika dakika kumi. Nikadhani tano zitatosha.”

“Ungeniambia toka.”

“Ndiyo.”

“Neno moja.”

“Neno moja, shem. Nililiona. Lilikuwa hapa.” Akagusa koo. “Nikaogopa nikisema toka, utauliza kwa nini. Na ukijua kwa nini, hutaingia tena, na Tajiri atajua ni mimi niliyekuambia. Basi nikasema fanya haraka.”

Dada, nilimpiga. Sikuficha nguvu. Niliinua gongo la kulia nikamshushia begani, likalia kama limepiga mlango. Sikufikiri kwamba gongo lile ndilo lililokuwa limenisimamisha. Nikaanza kwenda chini.

Akanidaka. Sijui alitokaje kwenye kile kiti. Nilikuwa nimemwangukia kifuani, uso wangu shingoni mwake, ananuka saruji, namtukana kwa matusi ambayo sijawahi kuyatoa mbele ya Mama, na yeye anasema, “Tukana. Tukana, lakini usijiachie.” Alinishika hivyo mpaka mikono yangu ikaacha kumsukuma. Sijui ni muda gani. Nguo zilianza kukauka kwenye kamba.

Mama akafungua mlango. Akatutazama. Akasema, “Maji ya kuoga yako tayari, mmoja wenu aende.”

Bado yuko hapa. Bega limevimba, hawezi kuinua mkono vizuri, Mama anamkanda kwa maji ya moto na hasemi naye, lakini anamkanda. Hatuzungumzi sana. Jana alitengeneza kitasa cha mlango kilichoharibika tangu nikiwa shuleni. Leo ameuliza kama anaweza kunibadilishia bandeji. Nikakataa. Kisha nikaona siwezi kufika kisigino changu mwenyewe, nikacheka, kisigino kipi, na yeye hakucheka. Nikamwacha abadilishe. Ana mkono mwepesi.

Usimwambie mtu kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe. Mwezi wa saba nitasimama pale na kusema yote, pamoja na hizo mara tatu, na yeye anajua nitasema. Ameniambia mwenyewe niseme.

Ila kesho asubuhi naenda hospitali kupimwa mguu wa bandia. Jengo lile lina ngazi kumi na nne na ukuta hauna pa kushika. Mama hawezi kunibeba. Nimemwambia mumeo aamke mapema.

Mbusu binti.

Kaka yako